Kodi Iliyosamehewa ni Sadaka ya Nani?

Kodi ni deni. Ndivyo Kanisa lilivyotufundisha tangu siku za Mtume Paulo, aliyewaagiza Wakristo wa Roma wampe kila mmoja haki yake, hata mtoza ushuru. Na ndivyo inavyofundisha Katekisimu ya mwaka 1992, ya kwamba kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri. Lakini kila deni lina mwenyewe, na mwenyewe aweza kulisamehe. Swali tunalotaka kulitazama leo ni hili: je, ni haki halmashauri ya mji au ya wilaya imsamehe mtu sehemu ya ushuru wake kwa sababu ametoa mali yake kusaidia ngoma, kwaya, ufinyanzi, uchongaji au maigizo ya watu wa mahali pake? Na ikiwa ni haki, aliyetoa sadaka hapo ni nani? Ni yule mfanyabiashara peke yake, au ni sisi sote?

Msomaji asidhani kwamba tumelibuni swali hili ili kujaza ukurasa. Mwaka 1969 Bunge la Ayalandi lilipitisha sheria ya kutowatoza kodi ya mapato waandishi, wachoraji na watunzi wa muziki kwa kazi zao za ubunifu. Mwaka 2001 jimbo la Maryland, huko Marekani, liliruhusu miji yake itenge mitaa ya sanaa: mwenye jengo akilitengeneza ili litumiwe na wasanii hupunguziwa kodi ya jengo hilo kwa muda usiozidi miaka 10, na kumbi za maonyesho nazo hupewa nafuu katika kodi ya viingilio. Kwetu Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ilifungua mlango mdogo unaofanana na huo, kwa kuwaruhusu wafanyabiashara kuondoa katika hesabu ya kodi sadaka walizozipa taasisi za hisani, mradi zisivuke kiasi kilichowekwa. Huo ni mlango wa Serikali Kuu. Lakini halmashauri nazo hutunga sheria ndogo za ushuru, zikaidhinishwa na Waziri mwenye dhamana. Kwa hiyo si ajabu siku moja diwani akasimama barazani na kutoa hoja ya namna hiyo. Yafaa tuwe tumekwisha kufikiri kabla hajasimama.

Tumeuchagua mji wa Mpanda, na Mkoa wote wa Katavi, kuwa mahali pa kulipima swali hili. Sababu yake ni kwamba huko twaweza kuona kwa karibu ni nini kitapatikana na ni nini kitapotea. Katavi ni mkoa mchanga, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Mkoa wa Rukwa, wenye halmashauri 5: Mpanda Manispaa, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Fedha zake si nyingi. Watu wake, hata hivyo, wamekusanyika kutoka pande nyingi mno. Wakonongo, Wabende, Wapimbwe na Wafipa walikuwapo tangu zamani. Kisha yakaja machimbo ya risasi ya Mukwamba, na kwa ajili yake reli ya kutoka Kaliua ikafika Mpanda mwaka 1950, nayo ikaleta vibarua wa makabila kadha wa kadha. Wasukuma wakashuka na ng'ombe zao kutafuta malisho. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi wakaja wakimbizi. Makazi ya Katumba yakafunguliwa mwaka 1973, na ya Mishamo mwaka 1978. Mwaka 2014 maelfu yao walianza kupokea hati za uraia wa Tanzania, na kwa bahati njema mwaka huohuo Shirika la UNESCO liliandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Mkoa kama huo una hazina ambayo haimo katika vitabu vya mapato. Hazina hiyo haiishi kwa hewa. Zamani ngoma ililipwa na mavuno: mwenye shamba alilimiwa, akapika, akatengeneza pombe, wachezaji wakala na kunywa na kwenda zao, na hakuna aliyeuliza risiti. Leo mwenye harusi hukodi vipaza sauti, na kijana ajuaye kupiga ngoma huenda kutafuta kibarua. Mti wa kuchonga una kibali chake, ngozi ina bei yake, ukumbi una ada yake, na mfinyanzi aliyekaa sokoni na vyungu vyake hutazamwa na wapita njia wanaokwenda kununua masufuria. Tukisema mambo haya yatajiendesha yenyewe, twajidanganya. Yatakufa taratibu, nasi tutayakumbuka siku ya kumpokea mgeni mkubwa, tukose watu wa kuyacheza.

Hata hivyo kuna jibu ambalo kila mtu mwenye akili timamu atalitoa, nalo ni zito. Atasema: zahanati kwanza. Watu wa Katavi wana haki zaidi kuliko wengine ya kusema hivyo, maana nchi yao ina kumbukumbu ya Adrian Atiman. Mtoto huyo wa Afrika ya Magharibi alitekwa akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa utabibu huko Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889, na hapo akatibu watu na kufundisha dini hata alipokufa mwaka 1956. Miaka 67! Nani atakwenda Karema kuwaambia watu kwamba fedha ya dawa imepelekwa kwenye ngoma?

Wala tusiseme kwamba upungufu wa mapato ni jambo dogo. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 mpaka asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, nasi tulifurahi naye, kwa kuwa alikuwa amebanwa. Lakini halmashauri zilizokuwa zikiishi kwa mahindi na tumbaku zilijua siku ileile kwamba shilingi iliyobaki mfukoni mwa mkulima haikuingia katika sanduku lao. Msamaha wa kodi una bei, nayo hulipwa na mtu.

Katika jambo hili Injili yatupa mfano ambao mara nyingi husomwa upesi mno. Kule Bethania mwanamke alimimina marhamu ya thamani kubwa miguuni pa Bwana, na Yuda Iskarioti akauliza kwa nini haikuuzwa kwa dinari 300 wapewe maskini. Twajua jinsi Bwana alivyomjibu, na watu wapendao sanaa hulishika jibu hilo kama ngao: uzuri nao una haki yake, hata maskini wakiwapo mlangoni. Ni kweli. Ila watazame tena ni marhamu ya nani. Ilikuwa yake yule mwanamke. Hakwenda kuichukua katika mfuko wa mitume. Upande wa pili tunaye Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano katika karne ya 4, aliyevunja vyombo vitakatifu vya kanisa lake na kuviyeyusha ili akomboe mateka. Aliposhutumiwa, alijitetea kwamba Kanisa halikupewa dhahabu ili liifungie. Hivyo vilikuwa vyombo vya kazi ya sanaa, vya madhabahuni, na mtakatifu alivivunja bila kusita kwa sababu watu walikuwa wamefungwa minyororo. Tukiiweka mifano hiyo miwili pamoja twaona kwamba haipingani. Mtu aweza kuutolea uzuri kilicho chake hata kama wengine wanakiona kuwa ni hasara. Mwenye kutunza mali ya wote hana uhuru huo; yeye humtazama kwanza aliyefungwa.

Basi halmashauri ni nani katika hadithi hizi? Halmashauri siyo yule mwanamke wa Bethania. Marhamu siyo yake.

Tuweke hesabu mezani, maana katika mambo ya fedha maneno matamu huficha mengi. Kwa miaka mingi sheria iliruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo ghafi. Tufanye kwamba mfanyabiashara mmoja huuza kwa mwaka bidhaa za Sh. 200,000,000, kwa kiwango hicho ushuru wake ni Sh. 600,000. Sasa halmashauri ikitangaza kwamba kila shilingi atakayoipa ngoma itaondolewa katika ushuru wake, naye akawapa wachezaji Sh. 300,000, atalipa halmashauri Sh. 300,000 zilizobaki. Amepoteza nini? Hakupoteza hata senti moja. Fedha ile ilikuwa tayari deni lake kwetu, naye amelihamisha tu kutoka sanduku moja hadi jingine. Aliyetoa ni mgonjwa ambaye hakupata dawa, na mtoto ambaye dawati lake halikutengenezwa. Lakini jina litakaloandikwa kwenye ngoma, na kutangazwa kwa kipaza sauti siku ya sikukuu, ni la nani? Sisi twaona kwamba hapo kuna aina ya uongo, hata kama kila risiti ni halali.

Kosa hilo lina uchungu wa pili. Yule aliyepewa ngoma atamwimbia nani? Tumeona katika historia yetu wachezaji wakipangwa juani saa nyingi kumsubiri kiongozi, na nyimbo zao zikageuzwa kuwa orodha ya sifa za mwenye gari. Msanii aliyezoea kula mkononi mwa mtu mmoja hupoteza kwanza utani wake, halafu ukweli wake. Na ngoma zetu, tusisahau, zilikuwa na kazi ya kuwasema wakubwa. Mchoyo aliimbwa, mlevi aliimbwa, jumbe mwonevu aliimbwa kwa mafumbo huku ameketi palepale. Ngoma iliyonunuliwa kwa msamaha wa kodi wa mtu mmoja itamwimbaje mtu huyo akipunja mizani?

Je, tuseme basi kwamba halmashauri isiguse jambo hili kabisa? Hapana. Kitabu cha Kutoka kina habari ambayo twaomba kila diwani Mkristo aisome, mwanzo hata mwisho, kuhusu ujenzi wa hema la Bwana jangwani. Watu walikuwa wametoka utumwani, hawakuwa na shamba wala nyumba, na bado Mungu alimwita Bezaleli kwa jina, pamoja na Oholiabu, akawajaza ustadi wa kufua dhahabu, kuchonga miti na kufuma nguo. Fedha ya kazi ile ilitoka wapi? Ilitoka katika njia mbili. Kwanza palikuwa na kodi: kila mwanamume aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli, tajiri asizidishe wala maskini asipunguze. Pili palikuwa na sadaka ya hiari: bangili, hereni, nyuzi zilizosokotwa na wanawake, ngozi, mbao, nayo ililetwa kwa wingi hata Musa akapiga mbiu watu wakome kuleta. Sasa angalia jinsi vitu hivyo vilivyotumiwa. Fedha ya kodi, yaani nusu shekeli za wote, ilikwenda hasa kutengeneza vikalio, vile vitako vizito vilivyokaa chini mchangani na kushika mbao za hema. Dhahabu, rangi na mapambo vilitoka katika hiari. Hakuna aliyesamehewa nusu shekeli yake kwa sababu alikuwa ameleta bangili. Na kikalio kilichotoka kwa maskini hakikuweza kutofautishwa na cha tajiri.

Hapo ndipo tunaposimama sisi. Kazi ya mali ya wote ni kuweka kikalio. Uzuri wenyewe na ubaki kuwa sadaka ya anayeutaka. Kikalio cha sanaa katika mji kama Mpanda ni kitu gani? Ni uwanja ulio wazi. Ni ukumbi ambao kikundi chaweza kufanya mazoezi bila kulipia kila jioni. Ni mfinyanzi kuachwa akae sokoni bila kulipa zaidi ya anavyopata. Mwaka 2018 Serikali ilitoa vitambulisho vya Sh. 20,000 kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayakuzidi Sh. 4,000,000 kwa mwaka, ili wasisumbuliwe na tozo nyingine. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, lakini ulielekea upande ulio sawa, kwa kuwa nafuu ilimwendea mwenye kidogo. Anayestahili kusamehewa kwanza ni mpiga ngoma mwenyewe, kabla ya mfadhili wa ngoma. Na ushuru wake ni mdogo mno hata halmashauri ikiuacha haitafunga zahanati.

Wasukuma wa Katavi watatuelewa upesi, maana kwao walikotoka mambo yalikwenda hivyo. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, hakuwanunua wachezaji. Katika miaka ya 1950 aliwapa mahali. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vilivyokuwa vikishindana tangu zamani, vikaja kushindana katika siku za Sikukuu ya Ekaristi, na makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa hapo mwaka 1968. Watu walikuja na ngoma zao, na dawa zao za kuvutia watazamaji pia, jambo ambalo liliwapa mapadre kazi nyingine! Lakini uwanja ulikuwapo.

Na yule mfanyabiashara je? Hatumchukii, wala hatutaki afunge mkono. Akipenda kutoa, na atoe, nasi tutamshukuru hadharani. Ikiwa halmashauri yaona lazima imtie moyo, basi imsamehe sehemu ndogo, ili sadaka ibaki kuwa sadaka. Katika mfano wetu, akitoa Sh. 300,000 akasamehewa Sh. 60,000, ametoa kweli Sh. 240,000 mfukoni mwake, nasi wengine tumetoa Sh. 60,000 pamoja naye. Hiyo ni harambee ya haki, kwa sharti moja: kile kiasi kilichosamehewa kiandikwe katika hesabu za halmashauri kama fedha iliyotumika, pamoja na jina la aliyesamehewa na jina la kikundi kilichopokea, kibandikwe ubaoni mahali mlipa ushuru wa kawaida apitapo. Fedha isiyoandikwa kwa sababu haikuingia ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kupotea, maana hata mkaguzi hajui aitafute wapi.

Meksiko wana desturi nyingine ambayo imetupendeza. Tangu mwaka 1957 wachoraji na wachongaji wa huko wameweza kulipa kodi yao ya mapato kwa kazi zao wenyewe. Serikali huzipokea picha na sanamu hizo na kuzionyesha kwa wananchi. Hatusemi Mpanda ipokee vyungu badala ya fedha. Lakini kikundi cha maigizo kinachodaiwa ada ya kibali, kwa nini kisiilipe kwa kwenda kuwachezea watoto wa shule mbili tatu za vijijini? Deni limelipwa, mtoto amefurahi, na heshima ya msanii haikuguswa.

Limebaki jambo moja gumu, nalo halihusu fedha. Sheria yoyote ya kusaidia sanaa ya jamii itabidi iseme jamii ni nani. Tunahofia siku ambayo kamati itakaa Mpanda na kuamua kwamba ngoma ya Kifipa ni yetu, bugobogobo ya Kisukuma ni ya wageni waliozoeleka, na ngoma ya watu wa Katumba ni ya Burundi. Watu wale wamelima mashamba ya Nsimbo zaidi ya miaka 50. Mahindi yao yalitozwa ushuru, na hakuna mtoza ushuru aliyeuliza babu zao walizaliwa wapi. Ikiwa nusu shekeli yao imo katika kikalio, nani atawazuia wasiingie hemani? Tena hapa Wakatoliki tujichunge sisi wenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, ulitutaka tuheshimu muziki wa mataifa. Hatukuelekezwa tuuheshimu ndani ya kanisa tu, tukiuacha nje ya ukuta ukose hata mahali pa kuweka mguu. Kwaya zetu zina kumbi, zina vinanda, zina waamini wa kuchangia. Nafuu ikipatikana, zisikimbilie mstari wa mbele.

Bajeti za halmashauri hujadiliwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Twawaomba wasomaji wetu wa Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika watuandikie mapema: kikundi cha ngoma hulipa nini ili kitumie uwanja kwa siku moja, mama mwenye vyungu hulipa nini sokoni, na ukumbi wa karibu nao hukodishwa kwa bei gani. Tutazichapa barua hizo pamoja na hesabu zake, ili diwani atakayeleta hoja asiwe na kisingizio cha kuanza na mwenye duka kubwa.